Lita ya Soko

Nianze na ubaya wangu, msije mkanidhania mwema kwa kurasa mbili halafu mkashangaa. Niliwahi kumwonea wivu msichana mmoja kwa sababu alijua kugeuza mita za ujazo kuwa desimita za ujazo kichwani, bila kalamu. Watu wengine huoneana wivu kwa ajili ya mume, nguo, au nyumba ya matofali. Mimi nilikondeshwa na sifuri.

Tulikuwa mwaka wa tano wa sekondari, sehemu ya sayansi, Butembo. Kabla yeye hajafika, malkia wa vipimo darasani nilikuwa mimi, na ufalme huo niliupata kwa kuzaliwa. Baba yangu alinunua dhahabu iliyotoka Manguredjipa. Chumbani mwake alikuwa na mizani ndogo ndani ya sanduku la mbao, yenye visahani viwili, na vipande vya shaba vya kupimia vilivyopungua ukubwa mpaka cha mwisho ukikipulizia kinaruka. Wachimbaji wazee walipima kwa njiti za kiberiti, njiti kumi hivi kwa gramu moja. Baba aliwaacha waamini njiti zao, yeye akaamini shaba. Mimi nilijua miligramu kabla sijamaliza katekisimu. Lakini kuigusa ile mizani, hapana. Nilitazama tu, mikono mgongoni, kama mtu aliye kanisani.

Mwalimu wetu wa fizikia alitoka Kasai, ametumwa na serikali, mtu wa suti moja iliyopigwa pasi kila siku. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kifaransa chake cha redioni. Kila alipotamka neno "gramu" alinitazama mimi, na mimi nilijinyoosha kwenye dawati ili wa nyuma nao waone kwamba nimetazamwa.

Basi akaja yule wa Masereka. Alifika mwaka wa masomo umekwisha kuanza, viatu vyake vya plastiki bado vina udongo mweusi wa milimani, akakaa kwa shangazi yake aliyeuza mafuta ya mawese sokoni. Alipangwa dawati langu. Hakuwa na rula. Aliniomba yangu siku ya kwanza, na nilimpa kwa furaha kabisa, maana anayekuomba rula si wa kuogopwa. Wenzangu walimzunguka wakitaka kumsikia anavyoongea. Nikajiambia, kipya kinyemi, watamchoka kabla ya Noeli.

Juma lililofuata mwalimu aliandika ubaoni ile safu ya kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita, akauliza: mita moja ya ujazo ina desimita ngapi za ujazo? Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Kutoka mita kwenda desimita ni hatua moja, hatua moja ni sifuri moja. Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyelala nyumba moja na mizani: "Dix, monsieur," yaani kumi.

Yule wa Masereka alicheka kidogo, bila ubaya, akanigeukia na kuniambia kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia:

"Dada, desimita moja ya ujazo njo litre moja. Donc citerne ya maji ya mita moja inajaa na litre kumi? Bidon ya manjano iko na litre makumi mbili. Bidon moja itajaza citerne mbili!"

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka akavua miwani. Akamwita ubaoni aeleze, naye akaenda na vile viatu vyake, akachora mlima wenye mashamba ya ngazi, kama yalivyo kwao.

"Kwetu mulima iko mukali," akasema. "Kwa urefu, unashuka ngazi na muguu moja: unaongeza zero moja. Kwa surface, miguu mbili: zero mbili. Kwa volume, miguu mbili na fimbo: zero tatu. Ukipanda, unazikata vile vile."

Mwalimu alirudia mara mbili, "Miguu mbili na fimbo, ah ça!", akaandika kwenye daftari lake. Muda wote aliokuwa akinifundisha hakuwahi kuandika neno langu hata moja kwenye daftari lake. Nilitazama mgongo wa yule msichana nikiombea ukucha wake uvunjike kwenye chaki, au apige chafya, kitu chochote. Roho iliniuma kweli kweli. Ninaliandika hili nikiwa mtu mzima mwenye wanafunzi wangu, na bado naona haya kidogo, na bado nahisi lile joto masikioni.

Kosa langu, bila shaka, lilikuwa kosa. Lakini wivu haujali nani yuko sahihi. Ukimkosea mtu unamchukia kidogo, akikukosoa yeye, tena kwa upole, unamchukia zaidi. Toka siku hiyo nikawa namhesabia. Alipojibu swali nilihesabu. Alipokosa, na alikosa mara chache mno, nilikwenda nyumbani nikala kwa hamu.

Tatizo lilikuwa kwamba yeye alinipenda. Aliona kwangu rafiki. Aliniletea viazi vya kwao vilivyochemshwa na chumvi, vimefungwa kwenye jani la mgomba, akanigawia nusu iliyo kubwa. Nilivila. Vilikuwa vitamu, na hilo nalo liliniudhi.

Kisha akaja nyumbani.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Tulikuwa tujifunze pamoja kwa sababu mwalimu alikuwa ametangaza habari kubwa: wakati wa likizo ya Pasaka kungekuwa na shindano la sayansi Beni, na darasa letu lilikuwa na kiti kimoja tu. Mshindi wa Beni angepokelewa kusoma ufundi wa maabara katika taasisi moja ya huko, bila kulipa. Kwangu kiti hicho kilikuwa heshima. Baba angenisomesha hata kama ningekuja wa mwisho. Kwake kilikuwa kitu kingine, na alinieleza njiani waziwazi. Baba yake alikuwa ametuma neno kutoka Masereka kwamba wadogo wake wamefikia umri wa shule, na mwaka ukiisha arudi shambani. Kama angekwenda Beni na kushinda, basi angeachwa aendelee na masomo. Yaani nilijua. Naomba msomaji akumbuke kwamba nilijua.

Baba alitukuta mezani na madaftari. Alipenda kuwajaribu wageni, hata padri alishajaribiwa. Akamuuliza yule wa Masereka:

"Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu iko na gramu kumi na kenda na kitu. Tuache kitu. Desimita moja ya ujazo itakuwa na uzito gani?"

Nilikuwa bado natafuta kalamu.

"Kilo kumi na kenda, papa," akasema. "Kasanduku kadogo vile," na akaonyesha kwa mikono, "mais wa kukanyanyua na mukono moja, sijue kama yuko."

Baba alicheka kile kicheko chake cha tumboni. Akaenda chumbani. Nilisikia kufuli la kabati na nikajua anachokwenda kuchukua kabla sijakiona. Aliweka lile sanduku la mbao mezani, akalifungua, akampa yule msichana kibanio chake cha shaba, akamwambia: "Weka, tuone." Msichana akaweka kipande cha gramu mbili upande huu na vya gramu moja moja upande ule, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, na visahani vikatulia sawasawa.

"Huyu iko na mukono," baba akaniambia mimi, kama kwamba ananipa habari njema.

Miaka kumi na saba niliishi nyumba moja na ile mizani. Miaka kumi na saba mikono mgongoni. Niliinuka nikaenda jikoni kwa mama, nikasema nataka kusaidia kumenya ndizi. Mama alishangaa, kwa sababu sikuwahi kutaka. Nilimenya nikajikata kidole, nikalia, na mama akadhani ni kidole.

Jumatano mwalimu alitangaza jinsi atakavyomchagua wa kwenda Beni. Shule ilikuwa na mizani moja ya maabara iliyobaki nzima, na vyombo vya kupimia ujazo vilikuwa vimekwisha kuvunjika vyote. Kwa hiyo kila mmoja alete chupa tupu na lita moja ya mafuta ya mawese kutoka nyumbani. Kila mmoja apime, atafute uzito wa desimita moja ya ujazo ya mafuta, augeuze uwe kilo kwa mita moja ya ujazo, aandike jibu na njia aliyopitia. "Mimi," akasema mwalimu, "nataka kuona nani anajua kile anapima, hein?" Akatabasamu, na lile tabasamu nililielewa mara moja.

Nieleze hapa kwa asiye wa kwetu. Butembo mafuta ya mawese huuzwa kwa chupa ya bia ile kubwa. Karatasi yake imebanduka zamani, imeoshwa na kujazwa mara mia, na chupa hiyo sokoni kila mtu anaiita lita. "Nipe litre mbili," na unapewa chupa mbili. Mama yangu aliiita lita, bibi yangu aliiita lita, wauzaji wamezaa na kuzeeka wakiiita lita, na hakuna aliyemdanganya mwenzake, kwa sababu wote wamekubaliana. Siku moja, baba akinywa bia yake ya Jumapili, aliigeuza chupa mpya akanionyesha maandishi madogo kwenye karatasi: 72 cl. "Serikali iko na litre yake," akasema, "na soko iko na yake." Sentilita sabini na mbili. Mwalimu alikuwa anategesha mtego, na mimi nilikuwa nimeuona mtego huo nikiwa na miaka tisa.

Alhamisi, tukitoka shule, nilipita naye kwenye meza ya shangazi yake. Chupa za mafuta mekundu zilikuwa zimepangwa mbele. Yule wa Masereka alishika moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akaniuliza:

"Mon amie, hii litre ya soko, iko litre ya kweli?"

Shangazi yake akadakia kwa mshangao: "Tangu nizaliwe tunaiitaka litre! Sasa masomo imeleta jina ingine?"

"Hapana, shangazi, naulizaka tu," akasema. Akanigeukia tena. "Kwenu kuko balance ya dhahabu. Weye unajua hivi bintu. Iko litre?"

Ningeweza kusema sijui. Hata hilo lingetosha, lingekuwa dhambi ndogo ya kuungama kwa pumzi moja. Alikuwa amenitazama akingoja, na mimi nikaona visahani vya baba vikitulia sawasawa, nikasikia "huyu iko na mukono".

"Litre iko litre," nikamwambia.

Akashukuru. "Wasingya," akasema kwa Kinande, kama anavyosema mtu aliyetuliwa mzigo. Shangazi yake akanipa karanga kwenye kipande cha karatasi, nikala njiani nikijisikia mwerevu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waongo waliowajua wao labda.

Ijumaa tulipanga foleni mbele ya mizani. Kila mmoja alipima chupa tupu, kisha chupa yenye mafuta, akatoa. Yeye alikuwa mbele yangu kwa watu watatu. Nilimwona akichota maji kwenye ndoo, akiyatia kwenye chupa yake, akirudi mizanini, akiyamwaga nje, akiikung'uta chupa mpaka tone la mwisho. Nikadhani anaisuuza. Nikafikiri moyoni: wa kijijini, hata chupa hakuiosha nyumbani. Alipokaa kuandika aliandika muda mrefu kuliko sisi wote, akasimamisha kalamu, akanitazama, nikajifanya nahesabu.

Mafuta ya chupa moja yalinitolea gramu mia sita hamsini na tano. Niligawa kwa sabini na mbili za sentilita nilizozijua, nikapata karibu gramu mia tisa na kumi kwa desimita moja ya ujazo. Kuugeuza uwe kwa mita ya ujazo, miguu miwili na fimbo, sifuri tatu: kilo mia tisa na kumi. Ndiyo, nilitumia fimbo yake. Mwizi akiwa na njaa hachagui sufuria.

Jumatatu mwalimu alisoma majibu. Karibu wote walikuwa wameandika kilo mia sita hamsini na tano kwa mita ya ujazo, yeye pia.

"Mafuta gani haya?" mwalimu akapaaza sauti. "Ya malaika? Mita moja ya ujazo, kilo mia sita hamsini na tano! Mulipima litre ao mulipima chupa?" Kisha akatamka jina langu, na kiti cha Beni kikawa changu.

Yule wa Masereka alipiga makofi. Alinishika bega akasema, "Weye njo ulistahili." Sikuona machozi. Nilikuwa nimejiandaa kuyaona, na nikakasirika kidogo kwamba amenikosesha.

Beni tulikwenda na gari la kukodi, mwalimu na mimi na kuku wa mwenye gari. Kilomita hamsini na nne. Mwalimu alinifanyisha mazoezi njia nzima: mita ngapi, sentimita ngapi, na kwenye kizuizi askari aliyeangalia karatasi zetu za safari akasikia, akasema kwa Kilingala kitu kilichomchekesha mwalimu. Nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Katika ukumbi wa shindano kulikuwa na watoto wa shule nyingi, na maswali ya ujazo yalikuwa mengi, matangi, mabomba, chupa za dawa. Kila swali la ujazo nilishuka mlima wa Masereka kwa miguu miwili na fimbo. Nilipata hayo yote. Nikakosa mengine. Nilikuja katikati, si juu wala chini, na mshindi akawa mvulana wa shule nyingine mwenye mafua. Wakati anapigiwa makofi nilikuwa nawaza jambo moja tu: yule wa Masereka angemshinda huyu. Angemshinda bila kalamu. Hata pale Beni, ambako hakuwepo, alinishinda.

Mwezi wa sita, siku ya kupokea ripoti, shangazi yake alikuja kuichukua peke yake. Mtoto amerudi Masereka, akasema, baba yake alimfuata na kumchukua. Alikuwa wa kwanza darasani. Mimi wa pili. Nilikaa na ripoti yangu mkononi nikiona wivu wa mtu aliyekwisha kuondoka.

Mwaka uliofuata mwalimu wa Kasai alihamishwa. Aliniita nimsaidie kuondoa makaratasi kabatini, akasema niyapeleke kwa wauza mandazi wafungie. Nikaona mafurushi ya majaribio yetu. Nitasema ukweli kwa nini nililitafuta lile la mafuta: nilitaka kuiona sifuri aliyopewa. Nilitaka niishike. Mwaka ulikuwa umepita, yeye alikuwa analima, na mimi bado nilikuwa na njaa ya ile sifuri.

Nikaipata. Jibu chini lilikuwa lile, kilo mia sita hamsini na tano, na sifuri nyekundu pembeni. Lakini juu yake kulikuwa na mistari mingine, imeandikwa kwa mwandiko wake mnyoofu, kisha imepigwa mstari mmoja wa rula. Rula yangu. Chupa na maji, kutoa chupa tupu: gramu mia saba ishirini. Desimita moja ya ujazo ya maji: gramu elfu moja. Kwa hiyo chupa hii si desimita moja ya ujazo, ni sabini na mbili kwa mia yake. Kwa hiyo mafuta ni kilo mia tisa na kumi kwa mita moja ya ujazo.

Hakuna aliyemwonyesha karatasi ya chupa. Aliyajua kwa ndoo ya maji. Mimi niliambiwa na mzee aliyekuwa anakunywa bia, yeye aliyatafuta mwenyewe, akayapata, akayafuta.

Nilimpelekea mwalimu. Aliinua miwani akasoma. "Eh, niliona," akasema kwa huzuni. "Mais ce qui est barré ne compte pas. Iliyofutwa haihesabiwe. Njo sheria." Akaendelea kufunga sanduku lake. Mimi nikabaki na swali: kwa nini alifuta? Nililibeba swali hilo mpaka nikamaliza shule, mpaka nikasoma ualimu, mpaka nikaajiriwa Beni, ambako mpaka leo nafundisha sayansi.

Juzijuzi, wakati wa likizo, nilikuwa Butembo nyumbani. Mama alinituma viazi sokoni. Kwenye upande wa mizigo inayotoka milimani niliona wanunuzi watatu wa Kayna wamemzunguka mwanamke mmoja aliyekaa juu ya magunia, mtoto amelala mgongoni mwake. Walikuwa wanamtajia magunia, yeye anawarudishia tani na kilo papo hapo, bila simu, bila kalamu, na wao wanaandika anachosema kama barua ya askofu. Nilimtambua kwa namna ulimi ulivyotoka pembeni ya mdomo. Na mimi, mwenye shahada, mwenye chaki ya serikali, nilisimama pale nikamwonea wivu tena. Wanafunzi wangu hawanisikilizi hivyo.

"Weye!" akapiga kelele aliponiona. "Prof ya Beni! Shangazi aliniambiaka!" Akashuka magunia akanikumbatia na mtoto wake katikati yetu.

Tuliongea habari za nyumbani, za njia, za mvua. Nilitaka kuondoka. Badala yake nikauliza.

"Ile karatasi ya mafuta. Niliiona. Ulipima maji, ulipata vizuri. Juu ya nini ulifuta?"

Akakumbuka, akacheka.

"Ah, ile! Maji ilitoa sept cent vingt, mia saba na makumi mbili. Nikasema, mais chupa hii haiko litre! Kisha nikakumbuka weye ulisemaka iko litre. Na kwenu kuko balance ya dhahabu. Nikasema, donc balance ya masomo njo inasema bongo, njo inadanganya, haiwezi kuwa rafiki yangu. Nikafuta." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Kisha nikakuja kuuza hapa, nikaona chupa mupya na karatasi yake. Soixante-douze, sabini na mbili! Nilicheka peke yangu. Shangazi, masomo muzima, weye, sisi wote." Akanitazama kwa macho yale yale aliyonitazama nayo mbele ya meza ya mafuta. "Weye pia haukujuaka ile siku ya soko, uliona kisha, na maji, kama mie, si vile?"

Wanunuzi wa Kayna walikuwa wanasubiri zamu yao. Mtoto alikuwa ameamka, ananitazama naye. Niliyatafuta maneno ya kukiri na yalikuwepo, mepesi, maneno mawili tu: mie nilijuaka.

"Hapana," nikasema. "Mie pia sikujuaka."

"Njo vile. Tulikuwa batoto," akanifariji.

Akachukua ndoo ya kupimia, akanijazia viazi mpaka vikapanda juu ya mdomo wa ndoo, akavipigapiga vikae, akaongeza vingine. Nilipotaka kumlipa alisukuma mkono wangu. Kisha akainama, akachagua viazi vitano vikubwa vya nyongeza, kimoja kimoja, akivifuta udongo kwa kitenge chake.

"Na hii ni matabishi," akasema, "juu ya urafiki."

Nikafungua mfuko, nikapokea.